Jiografia na Jiolojia Zilivyoachana Njia

Mwishoni mwa Julai 1899 msafara wa watu wapatao 170 uliondoka Nairobi kuelekea kaskazini. Mji wenyewe ulikuwa bado kambi ya reli, mahema na mabati, na njia ya treni ilikuwa imefika hapo miezi miwili tu nyuma. Ndani ya msafara walikuwamo Wazungu sita, Wakikuyu zaidi ya tisini na Waswahili 66 walioajiriwa upagazi. Kiongozi alikuwa Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Tarehe 13 Septemba yeye na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walisimama juu ya Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Hakuna kumbukumbu ya mtu aliyewatangulia.

Mwalimu wa chuo alifuata nini huko juu? Alifuata heshima, na si yake peke yake. Oxford ilikuwa imempa nafasi ya kufundisha jiografia tangu 1887, kwa msaada wa fedha wa Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London, lakini wenzake wengi chuoni waliliona somo hilo kuwa orodha ya mito na miji mikuu, jambo la watoto wa shule. Mackinder mwenyewe hakuwa na shahada ya jiografia kwa sababu haikuwapo. Alikuwa amesoma sayansi ya viumbe, akaongeza historia na sheria, na katikati ya hayo akashinda ufadhili wa kusoma jiolojia. Wakubwa wa Jumuiya ya Kijiografia walikuwa wanajeshi na wavumbuzi, na machoni pao mwanajiografia asiyewahi kukanyaga nchi isiyo kwenye ramani hakuwa kamili. Mlima Kenya ukawa cheti chake. Mwaka huohuo Oxford ilifungua Shule ya Jiografia chini yake.

Wapagazi hawakupata cheti. Njaa iliuandama msafara, Waswahili wawili waliuawa walipokwenda kutafuta chakula, na katika karatasi za Mackinder kumebaki orodha ya wapagazi ambamo majina manane yameandikiwa kando kwamba walipigwa risasi kwa amri. Nani hasa aliyetoa amri hiyo, yeye au mjomba wa mke wake aliyefuatana naye, wanahistoria bado wanabishana. Ripoti aliyoisoma London mwaka uliofuata inasifiwa hadi leo kwa maelezo yake ya barafu na mabonde. Shajara ya safari ilichapwa kitabu mwaka 1991 tu, miaka mingi baada ya yeye kufa. Ninalitaja hili kwa sababu historia ya masomo ya ardhi katika nchi zetu huanzia hapa: mmoja anasaini ripoti, wengine wanabeba mizigo.

Miaka sita kabla yake alikuwa amepita mwingine, John Walter Gregory, naye akiwa na wapagazi wa pwani. Gregory alikuwa mtu wa aina tofauti kabisa. Akiwa kijana wa miaka kumi na mitano aliajiriwa ukarani katika biashara ya sufi London, na jioni akawa anakwenda kusoma katika taasisi ya Birkbeck. Mwaka 1891 alipata shahada ya kwanza ya sayansi ya Chuo Kikuu cha London kwa daraja la juu. Mwaka 1893 alifika Afrika Mashariki, akachunguza kingo za bonde kati ya Naivasha na Baringo, na kueleza kwamba halikuchimbwa na mto wala barafu. Ardhi ilipasuka sambamba na kipande cha katikati kikadidimia. Jina la Bonde la Ufa lilienea duniani kupitia kitabu chake cha 1896. Mackinder aliporudi na mawe kutoka Mlima Kenya, aliyeandika juu ya jiolojia ya mlima huo mwaka 1900 alikuwa Gregory, ambaye aina mojawapo ya mwamba aliipa jina linalotokana na la mlima wenyewe.

Hapo ndipo palipokuwa na tofauti. Karani wa sufi aliweza kuvizia madarasa ya jioni akatoka na shahada inayotambulika katika fani ya miamba. Mwalimu wa Oxford ilimbidi apande mlima ili fani yake ithaminiwe.

Jiolojia ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya karne, na iliyoitanguliza ni migodi. Chuo cha madini cha Freiberg, katika Saxony ya Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1765 kwa sababu mtawala alitaka fedha na risasi zitoke ardhini bila kubahatisha. Abraham Werner alifundisha pale zaidi ya miaka 40, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Alexander von Humboldt. Cambridge ilimteua Adam Sedgwick kuwa profesa wa jiolojia mwaka 1818, wakati Uingereza inachimba makaa ya mawe na mifereji. Jiografia ilipata kiti cha uprofesa Berlin mwaka 1820, alipokikalia Carl Ritter, lakini kwa Waingereza ilisubiri mno. Liverpool ilianza kutoa shahada kamili (honours) ya jiografia mwaka 1917, Cambridge ikafuata 1919, na Oxford yenyewe, ya Mackinder, ilichelewa hadi miaka ya 1930. Tena ilipopokelewa ilipokelewa zaidi upande wa sanaa, jirani na historia, huku miamba ikiwa imekwisha kuchukuliwa na sayansi.

Mgawanyo huo ndio uliopakiwa melini kuja kwetu.

Serikali za kikoloni zilihitaji wanajiolojia kabla ya kuhitaji chuo cha kuwafundisha. Uganda ilipata idara yake ya uchunguzi wa miamba Entebbe mwaka 1919 chini ya E. J. Wayland. Tanganyika ikafungua ya kwake miaka ya 1920, makao yakiwa Dodoma, chini ya Edmund Teale. Kutoka Dodoma nchi ilikatwa vipande vya robo digrii, kila kipande kikapelekewa mtaalamu mwenye nyundo, dira na daftari, kikachorwa ramani. Ramani hizo bado hutumika; Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, mrithi wa idara ile, iko Dodoma hadi leo. Lakini cheo cha mwanajiolojia kilitaka shahada, na shahada ilipatikana ng'ambo. John Williamson, aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, alikuwa Mkanada mwenye udaktari wa jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill. Barry Dawson, aliyeieleza dunia mwaka 1962 kuwa Ol Doinyo Lengai unatoa lava ya kaboneti, alikuwa Mwingereza katika idara ya Dodoma. Lava hiyo ni ya ajabu kweli: haifiki nyuzijoto 600, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, hutoka nyeusi na nyepesi kama matope, kisha hugeuka nyeupe ndani ya siku chache ikikutana na unyevu wa hewa. Wamasai walikuwa wakiuona mlima ukipauka vizazi na vizazi. Aliyeliandika jambo hilo katika jarida la kisayansi alitoka mbali.

Makerere ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949 na kuanza kuandaa wanafunzi kwa shahada za huko, somo la ardhi walilopewa vijana wa Afrika Mashariki lilikuwa jiografia, likifundishwa na Profesa S. J. K. Baker. Sababu, kwa maoni yangu, ni ya kihasibu. Jiografia ilihitaji ubao, ramani na safari chache za nje ya darasa, na ilitoa walimu wa sekondari ambao kila koloni iliwahitaji. Jiolojia inadai hadubini, mashine za kukata mawe, kemikali na magari ya kwenda porini mwezi mzima. Chuo chenye wanafunzi mia chache kisingeona faida yake.

Aliyetoka katika njia hiyo akawa mtu wa serikali na wa chuo kwa pamoja ni Simeon Ominde. Alisoma Makerere, akaenda Uingereza, akafundisha jiografia Makerere na kisha Nairobi, ambako alikuwa Mkenya wa kwanza kuwa profesa wa somo hilo. Mwaka 1964 aliongoza tume ya elimu iliyobeba jina lake, iliyoweka msingi wa mfumo wa shule wa Kenya huru. Kitabu chake cha 1968 kilihusu ardhi na uhamaji wa watu nchini Kenya. Kwake jiografia ilikuwa hesabu ya nani anahama, kutoka wapi, na kwa sababu gani.

Dar es Salaam ilianza nyuma. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja, cha sheria. Kilihamia kampasi yake ya Mlimani mwaka 1964, mwaka ambao sanaa na sayansi ya jamii zilianza, na jiografia ikawamo. Sayansi ilifuata 1965. Wakati huo Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa sehemu za chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na kozi za gharama ziligawanywa: udaktari na kilimo Kampala, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar. Muungano huo ulivunjika mwaka 1970.

Na hapa pana sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko zote. Kwa sababu Mlimani hapakuwa na idara ya jiolojia, wanajiografia walichukua udongo, maji na mteremko bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1967 chuo kilianzisha ofisi ya kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa kifupi BRALUP. Len Berry, mhadhiri wa jiografia, alihariri atlasi ya Tanzania iliyochapwa mwaka 1971. Msweden Anders Rapp alishirikiana na wenyeji wa idara kupima mmomonyoko, na walianza na jambo ambalo mkulima wa Ugogo asingelicheka: mabwawa. Katika Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, yote karibu na Dodoma, walipima mchanga uliotuama chini, wakalinganisha na ujazo wa asili, wakakadiria bwawa limebakiza miaka mingapi kabla halijajaa tope.

Kisha mvua ya Februari 1970 ikanyesha Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Kwa saa chache tu miteremko iliachia, na Rapp na Paul Temple, aliyekuwa akifundisha Dar, walihesabu maporomoko zaidi ya 1,000. Walikwenda kovu kwa kovu wakiandika yalikoanzia. Karibu yote yalianzia mashambani au kwenye nyasi na ardhi iliyopumzishwa. Yaliyoanzia msituni hayakufika hata asilimia moja. Mizizi mirefu ilikuwa inaushika udongo mwembamba juu ya mwamba. Je, hiyo ilikuwa jiografia au jiolojia? Mlimani wakati ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza.

Mwaka 1974 jiolojia ilipata idara yake Mlimani, katika kitivo cha sayansi. Ilikuwa lazima ije: Mwalimu Nyerere anakumbukwa kwa msimamo wa kuyaacha madini yakae chini mpaka nchi ipate wataalamu wake, na wataalamu hawaoti. Ilizaa watu wa maana. Sospeter Muhongo, profesa wa idara hiyo, alikuja kuwa Waziri wa Nishati na Madini. Na Umoja wa Mataifa ulipotangaza, Desemba 2005, kwamba 2008 utakuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayari Dunia, azimio hilo lilikuwa limewasilishwa na Tanzania. Lakini idara mpya ilileta pia ukuta wa zamani. BRALUP iligeuka Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali mwaka 1983 na kushika mazingira na maendeleo. Miamba ikawa ya jengo lingine.

Upande wa pili wa barabara, shule ya upimaji ardhi iliyoanza mwaka 1956 kwa kutoa mafundi wa cheti ilikuwa inakua polepole. Ikawa Chuo cha Ardhi, mwaka 1996 ikawa chuo kishiriki cha Mlimani, na 2007 Chuo Kikuu cha Ardhi kinachojitegemea. Leo kinafundisha jiomatiki na mifumo ya taarifa za kijiografia, na satelaiti zimeyarudisha karibu yale yaliyotengana, maana picha ileile humwonyesha mmoja kijiji na mwingine ufa wa mwamba.

Kwa mhitimu wa kidato cha sita mipaka hii haiko kwenye historia, iko kwenye kombi, yaani mchanganyiko wa masomo aliyosoma. Sekondari anasoma volkano, miamba, mito ya barafu na mwendo wa mabamba ya dunia, vyote ndani ya kitabu kimoja kinachoitwa Jiografia. Halafu akifungua mwongozo wa udahili anakuta aliyesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) anaelekezwa shahada ya sanaa katika jiografia na mazingira, na jiolojia inataka fizikia, kemia au hesabu. Wenye PGM (fizikia, jiografia na hesabu) na CBG (kemia, biolojia na jiografia) wana mlango mpana zaidi. Uamuzi huo ameufanya akiwa na miaka kumi na saba hivi, mara nyingi kwa kuangalia alama za kidato cha nne, wala hakuna aliyemwambia kwamba anachagua upande katika ugomvi wa vitivo vya Ulaya.

Kazini ukuta huo haujawahi kuwa mzito kama chuoni. Idris Kikula, mwanajiografia wa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, alitumia miaka kuchunguza athari za vijiji vya ujamaa kwa mazingira na makorongo ya Kondoa, kule ambako mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote ili ardhi ipone. Alikuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kisha sheria ya mwaka 2017 ilipounda Tume ya Madini, aliyeteuliwa mwaka uliofuata kuwa mwenyekiti wake, wa kuamua nani apewe leseni ya kuchimba na nani anyang'anywe, alikuwa yeye.