Nyasi za Mto Kongo na ua la mgeni

Ukisimama ukingoni mwa mto mjini Kisangani, ua litakalokuvuta macho kwanza ni la zambarau, limekaa juu ya rundo la majani linaloelea kuelekea Kinshasa. Linapendeza kweli. Ila si la hapa: magugu maji yalitoka Amerika ya Kusini, bonde la Amazon, na watu wa mto huyaita Kongo ya Sika, yaani Kongo mpya.

Upya huo una tarehe. Yaligunduliwa katika mto huu mwaka 1952, na miaka mitatu baadaye yalikuwa yameenea kati ya Léopoldville na Stanleyville (Kinshasa na Kisangani za leo), mwendo wa kilomita zaidi ya 1,600. Serikali ya kikoloni ikanyunyiza sumu ya 2,4-D na kumwaga fedha nyingi. Magugu yakabaki. Shina la jani lake limevimba na kujaa hewa kama sifongo, kwa hiyo halizami, na chipukizi likikatika huanza maisha yake mahali pengine.

Kelele za mgeni huyu zimewafunika wenyeji. Kabla yake kingo na visiwa vya mto vilikuwa tayari na nyasi zake zinazoelea, hasa Vossia cuspidata na Echinochloa pyramidalis. Vossia hushika mizizi kwenye tope la ukingo, kisha hutambaza mashina yake juu ya maji. Maji yakipanda, kipande hukatika na kusafiri. Majani yake yana kingo kali, hayashikwi ovyo. Maua yake? Mashuke makavu tu yasiyo na rangi, kwa sababu huchavushwa na upepo wala hayana haja ya kumpendeza nyuki. Nadhani ndiyo sababu wapiga picha huyapita.

Waliozichukulia nyasi hizi kwa uzito ni wataalamu wa mimea. Mwaka 1933 Ubelgiji ilianzisha taasisi ya kilimo ya INEAC, na kituo chake kikuu kikawekwa Yangambi, kama kilomita 100 kutoka Kisangani ukiteremka mto. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 mtaalamu wa mimea Jean Louis alikusanya huko maelfu ya sampuli. Kazi yenyewe haina fahari: mmea hulazwa kati ya karatasi, hukandamizwa, hukaushwa haraka kabla ukungu haujauwahi, kisha huandikiwa mahali na tarehe. Hebaria ya Yangambi, yaani hazina ya mimea hiyo iliyokaushwa, ambayo leo iko chini ya INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo, imefikisha takriban sampuli 150,000. Kwa anayetaka kujua nini kiliota ukingoni kabla ya 1952, karatasi hizo ni ushahidi usio na mfano.

Uchunguzi huo haukuishia hapo: mwaka 2010 msafara wa kisayansi wa Boyekoli Ebale Congo uliondoka Kisangani ukiwa na watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji, ukateremka mto ukichunguza mimea, samaki na wadudu.

Na safari za magugu zina upande wa pili: Afrika nayo imepeleka yake ng'ambo. Panicum maximum, nyasi ya Afrika inayojaza mashamba yaliyoachwa hapa Tshopo, mkoa wa Kisangani, ilivushwa Atlantiki zamani, ikapandwa kama malisho ya ng'ombe. Leo huko kusini mwa Texas, Marekani, inasonga nyasi na maua ya asili, na wahifadhi wa huko wanahangaika kuing'oa.