Fanny, Ravinder na Madereva wa Ilula

Mimi ni mama lishe wa Ilula, kando ya barabara kuu ya TANZAM. Malori ya kutoka Dar es Salaam yakishamaliza kupanda Kitonga, madereva huwa na njaa. Hao ndio wateja wangu, pamoja na wachuuzi wanaokuja kupakia matenga ya nyanya. Binti zangu wa jikoni wanapenda mashindano ya mapishi ya kwenye runinga, na huniuliza kama mshindi hujulikana milele. Nami huwasimulia habari za wanawake wawili.

Wa kwanza ni Fanny Cradock wa Uingereza. Alianza kupika kwenye televisheni ya BBC mwaka 1955, akiingia jikoni na gauni la sherehe, akawa maarufu nchi nzima. Mwaka 1976 aliitwa amshauri Gwen Troake, mama wa nyumbani wa Devon aliyekuwa ameshinda shindano la mapishi na kupewa kazi ya kumwandalia karamu Edward Heath, waziri mkuu wa zamani. Badala ya kumshauri, Fanny alimbeza, akaigiza kama mtu anayetaka kutapika. Watazamaji wakachukia, BBC ikavunja mkataba wake. Umaarufu wa miaka zaidi ya 20 uliishia kwa dharau ya dakika chache.

Wa pili ni Ravinder Bhogal, Mhindi mzaliwa wa Nairobi aliyehamia Uingereza utotoni. Mwaka 2007 mpishi Gordon Ramsay alimtafuta "Fanny mpya" kupitia kipindi chake cha runinga. Kati ya maelfu waliojitokeza, Ravinder akashinda. Hakuukalia ushindi huo. Mwaka 2009 alitoa kitabu cha mapishi, na mwaka 2016 akafungua mgahawa wake London, akauita Jikoni. Kutoka ushindi hadi mgahawa ilipita miaka 9 ya kazi.

Huku kwetu jaji ni dereva. Mchuzi ukinuka nyanya mbichi hakugombezi. Safari ijayo anaegesha kwa jirani. Kwa hiyo nyanya naikaanga mpaka mafuta yaelee juu, ndipo natia nyama. Hata kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, aliposhambulia mashamba na bei ya tenga kupaa, nyanya sufuriani sikupunguza.

Binti, shindano likija, nenda kashindane. Ukishinda, usimdharau mpishi mwenzako, na kesho yake uwahi kuwasha jiko.