Aliyetangulia na Anayefika: Historia Fupi ya Malezi ya Mwanafunzi kwa Mwanafunzi

Kila mwaka, ifikapo Oktoba au Novemba, vijana wa Kirumba, Bwiru, Sangabuye na Kayenze huaga nyumbani hapa Ilemela na kwenda kuanza masomo ya chuo kikuu. Wazazi wameuza walichonacho, na usharika umewaombea. Baada ya muhula mmoja au miwili, baadhi yao hurudi kimya kimya. Si wote waliopungukiwa akili. Wapo waliokosa mtu wa kuwaonyesha njia. Kwa hiyo makala haya yanauliza: hapo zamani ni nani aliyemwongoza mgeni, na ni lini uongozi huo ulimfaa au kumwumiza?

Hatuna budi kuanza nyumbani. Wasukuma walikuwa na umoja wa vijana wa kijiji, basumba, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Huyu hakuwa mtemi wala mzee, bali kijana miongoni mwa vijana. Aliwaita wenzake kulima kwa pamoja, kwa nyimbo, katika shamba la aliyehitaji msaada. Kijana mpya alijifunza kazi kwa kushika jembe kando ya waliomtangulia. Waliomfundisha walitoka jasho pamoja naye.

Wakati wa ukoloni ulikuja mtindo mwingine. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 na kupokea pia wana wa watemi wa Usukuma, ilifuata desturi za shule za bweni za Uingereza, ikiwa na viranja wake. Kiranja alimfundisha mgeni kuitii kengele, kutunza usafi na kuheshimu saa za kusoma. Lakini alipewa pia mamlaka, na mtindo huo ulipoenea katika shule nyingine, mara nyingine mamlaka yalimeza huduma. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa mgeni katika bweni moja, alifua mashati ya wakubwa wake karibu muhula mzima kabla ya kuonyeshwa maktaba ilipo.

Tusidhani kwamba kosa hili ni la Waingereza au la Waafrika peke yao. Sisi Walutheri tunalo katika historia yetu. Katika vyuo vikuu vya Ujerumani, Wittenberg kikiwamo, mwanafunzi mpya alivikwa pembe za bandia, kisha zikaondolewa kwa dhihaka, kuwa ishara ya kuuacha ujinga. Luther mwenyewe alishiriki katika desturi hiyo na kuieleza kuwa mfano wa taabu za maisha. Lakini katika karne ya 17 mzaha huo ulikuwa umezaa unyang'anyi: wakubwa waliwatumikisha wapya kwa muda wa mwaka mmoja, wakala fedha zao na kuwavua nguo nzuri. Amri nyingi zilitolewa bila kufua dafu, mpaka watawala na vyuo walipoukomesha kwa nguvu katika miaka ya 1660.

Turudi kwetu. Chuo Kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa Dar es Salaam mnamo Oktoba 1961, katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Hao hawakuwa na wa kuwatangulia chuoni hapo, lakini kwa uchache wao kila mmoja alijulikana kwa jina. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, wengi walitakiwa kufanya kazi kwanza. Wakaingia chuoni wakiwa watu wazima. Utaratibu huo ulipoachwa, vijana wakaingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, mlango ulipanuka zaidi. Leo mgeni huketi katika ukumbi wa mamia ya watu. Hajui jinsi ya kuandika muhtasari wa mhadhara wa Kiingereza, wala jinsi ya kuigawa fedha ya kujikimu, iitwayo bumu, ili ifike mwisho wa muhula. Mhadhiri hawezi kumjua kila mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kumjua mmoja au wawili.

Historia hii inatufundisha mambo matatu. Kwanza, mlezi awe mwenye kufanya kazi ileile, kama nsumba ntale, wala asiwe msimamizi tu. Pili, asipewe haki ya kuadhibu wala kutumwa kukusanya fedha, maana hapo ndipo Ujerumani walipopotea. Tatu, awepo mkubwa wa kumwuliza habari za huyo mdogo.

Sharika zetu zinaweza kuanza bila gharama kubwa. Mchungaji anawajua wanaoondoka mwaka huu, na anawajua walioondoka mwaka jana. Awaketishe pamoja kabla ya siku ya safari, wajuane kwa majina. Huenda kijana mmoja asirudi kimya kimya.