Gurudumu Lililokwama Chini ya Uluguru

Morogoro husifiwa kuwa mji kasoro bahari. Anayewaza kununua baiskeli yake ya kwanza ya umeme pale afikirie kwanza kile ambacho mji umejaliwa, yaani milima ya Uluguru, kwa sababu kila gurudumu lililofika Morogoro lilipata shida palepale ardhi inapoanza kuinuka. Reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika hapo 1907, ikapita pembeni mwa milima na kushika njia ya magharibi hadi Kigoma. Baiskeli ikafanya makao tambarare, mjini na kwenye barabara za mashamba ya katani. Ilizoeleka hata Morogoro ikaingizwa, pamoja na Temeke, Nairobi na Eldoret, katika mradi wa majaribio wa miaka ya 1990 uliowajali waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Lakini huko milimani, Mgeta, Matombo na Kinole, mzigo ulibaki kichwani, juu ya kata.

Husemwa kwamba sababu ni umaskini na ubovu wa barabara. Vyote vipo, ila havitoshi kueleza, kwa kuwa hata mwenye baiskeli aliiacha chini. Mimi naona jibu liko kwenye mwelekeo wa mzigo. Ndizi, mboga na matunda ya Uluguru hushuka. Anayerudi nyumbani hupanda na tenga tupu. Tenga tupu ni jepesi. Baiskeli tupu ya chuma ni kama kilo 20 za kusukumwa mlimani saa nzima au zaidi, na Mluguru aliyekataa adha hiyo alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Serikali ya kikoloni haikuijua hesabu ya namna hii: ilipolazimisha kilimo cha matuta ilipima udongo unaomomonyoka, ikasahau migongo ya wanaochimba, na mwaka 1955 ikakutana na ghasia Matombo.

Mota ya umeme inagusa hasa ile safari ya kurudi. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 90, kuwainua mita 600 kunahitaji takribani wati-saa 150, na ukijumlisha kinachopotea njiani, zaidi kidogo ya 200. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 hubeba 360. Inatosha, tena mwendeshaji akikanyaga pedali inabaki akiba.

Atatokea wa kusema kwamba pikipiki za China na India zilishalimaliza jambo hili. Zimelimaliza kwa mwenye pesa ya petroli kila siku. Tangi likikauka katikati ya mpando, pikipiki ni chuma kizito kuliko baiskeli yoyote. Pingamizi la umeme lina uzito zaidi. Mkoa huu una bwawa la Kidatu, linalozalisha umeme tangu 1975, na treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam Juni 2024, lakini kama ile ya 1907 nayo imepita tambarare. Bwawa kuwa mkoani hakumhakikishii mkulima soketi nyumbani. Hata hivyo betri nyingi huchomolewa, na mwenye mzigo hushuka sokoni vyovyote vile. Anaweza kuchaji mjini wakati akiuza.

Pingamizi ninalolikubali bila ubishi ni la mteremko. Mota haimsaidii sana anayeshuka na mikungu miwili kwenye keria, na zile mota zinazorudisha umeme kwenye betri wakati wa kufunga breki hurudisha kidogo tu. Uzito wa betri nao unaongezeka juu ya ule wa ndizi. Kwa hiyo wewe unayeanza, usimuulize muuzaji baiskeli inakimbia kiasi gani. Muulize pedi zake za breki zinapatikana duka gani hapo Morogoro, kisha nenda ukazione kabla ya kulipa.