Shairi na wimbo: kipi hubeba uchungu?

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliniuliza: "Mwalimu, kati ya shairi na wimbo, kipi hueleza hisia zaidi?" Nilitaka kumjibu kwa fasili za vitabuni, lakini nikakumbuka mazishi ya nyanya yangu kule Nyaramba, Kaunti ya Nyamira.

Nilikuwa nimemtungia tanzia ya beti saba, mizani kumi na sita kila mshororo, vina sawasawa. Nikaisoma kando ya kaburi. Waombolezaji walinisikiliza kwa adabu, kisha wakapiga makofi. Ati makofi, mazishini! Halafu akina mama wakaanza kuimba kwa Ekegusii. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia. Hapo ndipo machozi yaliponitoka.

Kumbe kosa halikuwa la shairi. Nilikuwa nimelinyima sauti yake. Kihistoria, shairi la Kiswahili ni utungo wa kuimbwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954), alishikilia kwamba shairi lisiloimbika limepungukiwa. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zilidumu vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipozikusanya. Diwani yake ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kifo chake. Nani angezikumbuka muda wote huo bila vina na mahadhi? Hata kwetu Gusii, mpiga obokano, ala yetu ya nyuzi nane, hatenganishi maneno na mlio.

Je, basi wimbo umeshinda? Hebu tusikimbilie kuamua. Wimbo unahitaji mwitikiaji. Abdilatif Abdalla alipofungwa mwaka 1969 kwa kuandika *Kenya: Twendapi?*, hakuwa na wa kumwitikia. Alitunga kwa siri gerezani, akiandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 tungo hizo zikatoka kama *Sauti ya Dhiki*. Uchungu wa mtu aliyetengwa na wenzake ulipata pa kujificha ndani ya maandishi, ukasubiri wasomaji wake.

Tofauti ninayoiona, basi, si ya wingi wa hisia. Wimbo huuchukua uchungu papo hapo na kuugawa, kila mmoja akabeba kidogo. Shairi lililoandikwa humwachia mmoja auhifadhi hadi siku atakapopata wa kumsikiliza.

Leo siwezi kukumbuka maneno ya wimbo ule wa akina mama. Nakumbuka tu kwamba ulinipunguzia mzigo. Tanzia yangu ningali nayo, imekunjwa ndani ya Biblia ya nyanya. Nikienda tena Nyaramba nitaitoa, lakini safari hii sitaisoma. Nitawaomba shangazi zangu waitafutie mahadhi.

Mwanafunzi wangu, jibu lako ndilo hilo.