Muhina: Jina la Damu ya Pua

Bibi yangu hakusema mtoto "anatokwa na damu puani." Alisema, "Muhina umemtoka," na waliokuwa uani wakajua la kufanya: kata ya maji ya baridi utosini, kichwa kirudishwe nyuma, macho yatazame makuti ya paa. Neno lake lilikuwa sahihi. Tiba yake haikuwa sahihi, na sababu yake nitaieleza. Lakini nianze na neno, kwa kuwa linatutoka mikononi.

Muhina ni damu inayotoka puani, iwe imetoka yenyewe au kwa sababu ya kuguswa. Kamusi zinalo, lakini mabango ya zahanati na vipindi vya afya redioni vimeliacha, vikashika "kutokwa na damu puani." Hayo ni maelezo mazuri ila si jina. Matabibu nao wana epistaksisi, neno lenye asili ya Kigiriki. Humo mna epi, yaani "juu ya," na kitenzi chenye maana ya kudondoka. Pua haimo. Kwa hiyo anayelikataa muhina kwa hoja kwamba halitaji pua, itabidi akatae na epistaksisi. Kanuni inayofundishwa ya kuunda istilahi inatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Hapa hata kutafuta hakuhitajiki, neno liko chumbani.

Faida ya jina fupi huonekana pale linapohitaji kuandamana na mengine. Tabibu anatofautisha damu inayotoka sehemu ya mbele ya pua na ile inayotoka nyuma kabisa, karibu na koo. Jaribu kusema "kutokwa na damu puani kwa nyuma," msikilizaji atageuza shingo. Sema muhina wa mbele na muhina wa nyuma, habari imekwisha. Tena hilo neno "puani" linaweza kupotosha: muhina wa nyuma aghalabu huteremkia kooni, mgonjwa akawa anameza damu huku matundu ya pua yakionekana makavu.

Tofauti hiyo ina uzito. Mihina mingi, takriban 9 katika kila 10, ni ya mbele. Ukuta wa gegedu unaotenganisha matundu mawili ya pua una eneo dogo karibu na mlango, mahali ncha ya kidole hufika bila taabu, ambapo ateri nne au tano hukutana na kusukana kama wavu. Mpasuaji wa Marekani, James Lawrence Little, alilieleza mwaka 1879, na Mjerumani Wilhelm Kiesselbach akalieleza mwaka 1884. Leo lina majina ya wote wawili. Ngozi ya pale ni nyembamba na daima hupitiwa na hewa. Kipupwe kikavu cha Juni na Julai, vumbi la Dodoma, kiyoyozi kinachowaka usiku kucha katika nyumba za Maskati, mafua, mzio, na zaidi ya yote kucha za mtoto, hukausha au kukwaruza ngozi hiyo mpaka ikapasuka. Muhina wa nyuma ni wa wachache, wengi wao watu wazima wa makamo na wazee. Huo hutoka kwenye mishipa mikubwa zaidi, na vidole haviufikii.

Sasa turudi kwa bibi. Kichwa kikirudishwa nyuma, damu haikati, bali inabadili njia tu. Inaingia kooni, mtoto anaimeza, tumbo linaikataa, na baada ya muda anatapika damu nyeusi ambayo inawatisha watu kuliko ile ya mwanzo. Aliyelazwa chali anaweza hata kupaliwa. Kinachotakiwa ni kukaa kitako, kuinama mbele kidogo, na kutema kila kinachofika mdomoni.

Kisha kubana. Hapa maneno yetu yanaponza watu, na jambo hili linaniuma kuliko hilo la jina. Tunaandika "bana pua," na msomaji anashika mfupa mgumu ulio chini ya macho, mahali ambapo hakuna cha kubana. Kiswahili kina mianzi ya pua, yaani matundu yenyewe. Ukimwambia mtu "bana mianzi," kidole gumba na cha shahada vinakwenda vyenyewe kwenye sehemu laini, na wavu ule wa mishipa unakandamizwa. Abane mfululizo kwa dakika 10 hadi 15, huku akipumulia mdomo. Atazame saa, kwa kuwa mwenye hofu huhesabu mbio. Asiachie kila baada ya dakika moja kuchungulia, maana damu iliyoanza kuganda itafumuka. Ikishakata, asipenge wala kuchokonoa, na kwa siku nzima asibebe mizigo mizito.

Kwa mwenye kupatwa mara kwa mara, mafuta ya mgando kidogo mlangoni mwa pua usiku husaidia. Kata na kucha za mtoto.

Muhina usiokata baada ya dakika 30 za kubana ipasavyo unataka hospitali. Vilevile ule uliofuata kipigo cha kichwa, wa mtoto aliye chini ya miaka 2, wa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, au unaorudi upande uleule wiki hadi wiki. Watu wazima wengi wakitoka muhina husema ni presha. Kupima presha ni jambo jema, lakini msitulie hapo kabla ya kuangaliwa pua.

Na ukija pamoja na homa, usiubane ukanyamaza. Dengi, iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huweza kuutoa, na hata virusi vya Marburg, vilivyothibitishwa Kagera Machi 2023. Hapo muhina si ugonjwa bali ni dalili, na anayemhudumia mgonjwa asiguse damu kwa mikono mitupu.

Natamani siku moja nifungue kadi ya kliniki nikute muuguzi ameandika: muhina wa mbele, tundu la kushoto, mianzi imebanwa, umekata dakika ya 12.