Bia ya Nyumbani Nje ya Kizingiti: Sheria na Pipa nchini Marekani, 1978–2011

Baada ya marufuku ya vileo kufutwa nchini Marekani mwaka 1933, sheria iliruhusu divai ya nyumbani isiyotozwa kodi, bia ikasahauliwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoiruhusu kaya yenye watu wazima wawili kupika galoni 200 kwa mwaka, yaani lita 757 hivi, mradi zisiuzwe.

Wapishi wa mwanzo walijaza chupa. Chombo kilichowatoa nje kilitoka kwingine kabisa: kampuni za soda zilipoyaacha mapipa yao ya galoni 5, ya chuma kisichoshika kutu, wapishi waliyanunua kwa bei nafuu. Pipa moja, mtungi mdogo wa gesi ya kabonidioksaidi na mrija wenye bomba vilitosha kuhudumia karamu. Safari nayo ilikuwa na adabu yake: pipa lilitangulia kufika, ili mashapo ya hamira yaliyotibuka njiani yapate kutuama.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo, kwa maoni ya mwandishi, ndilo kiini cha historia hii: nyumbani huishia wapi? Mwaka 2010 mamlaka za jimbo la Oregon zilitafsiri kwamba bia hiyo inywewe palepale ilipopikwa. Mashindano ya wapishi katika maonyesho ya jimbo yakafutwa. Shauri likafikishwa katika bunge la jimbo, na mwaka 2011 bia ikaruhusiwa kuvuka kizingiti, ingawa si kwa kuuzwa.